Tuchange Kama Watu Waliowahi Kupokea

Tetemeko kubwa la ardhi likiipiga nchi ya mbali, habari zake hufika Mbagala na Tegeta kabla vumbi halijatulia. Picha za vifusi huzunguka kwenye simu, imamu huomba dua Ijumaa, padri hutangaza sadaka ya pili Jumapili, na vijana wa mtaani hufungua kundi la WhatsApp la kuchangishana. Moyo huo ni wa kweli na sina la kuukosoa. Ninachopinga ni jinsi unavyoachwa uende bila mpango: kila msikiti na bakuli lake, kila jumuiya na kapu lake, kila kundi na namba yake ya simu, na baada ya wiki mbili hakuna anayeweza kusema zilipatikana shilingi ngapi, zilipitia kwa nani na zilimfikia nani. Hoja yangu ni moja. Mitaa ya Temeke na Kinondoni inaweza kuwasaidia watu wa nchi nyingine waliopigwa na tetemeko, na inapaswa kufanya hivyo, lakini iwe kwa muungano mmoja wa kudumu, unaotuma fedha badala ya vitu, na unaosoma hesabu zake hadharani. Watanzania si wageni wa jambo hili. Mwaka 2016 tulikuwa upande wa wanaopokea, na tuliyoyaona Kagera ndiyo yanayofaa kutuongoza siku tunapokuwa upande wa wanaotoa.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera. Kwa vipimo vya dunia halikuwa tetemeko kubwa, lakini lilikuta nyumba nyingi za udongo, na nyingine za tofali zisizo na nguzo wala mkanda wa zege, nazo hazikuhimili. Watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Misaada haikuchelewa. Kenya ilituma mabati, magodoro na mablanketi. Uganda, ambayo yenyewe ilitikiswa upande wa Rakai, ilichangia fedha. Kampuni, balozi na watu binafsi walitoa walichonacho, na wengi wa waliotoa walikuwa hapa hapa Dar es Salaam. Kisha ukaja mtihani. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti ya pili yenye jina lile lile la Kamati Maafa Kagera. Januari 2017 alipokwenda Kagera, Rais aliwaambia wananchi bila kuzunguka kwamba Serikali haikuleta tetemeko na haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Michango ilielekezwa zaidi kwenye shule, vituo vya afya na miundombinu ya umma.

Uamuzi ule unaweza kutetewa. Fedha zilizopatikana zisingetosha kuinua kila nyumba iliyoanguka, na shule iliyojengwa upya inasomesha watoto wa wote. Lakini mtu aliyetoa elfu tano yake akiwa Tandika alidhani anamnunulia bibi wa Bukoba bati, na bibi wa Bukoba, akiwa amelala chini ya turubai, alidhani hivyo hivyo. Hakuna aliyewaambia mapema, yeye mtoaji na yeye mpokeaji, kwamba fedha ile ni ya kazi gani. Kwa maoni yangu jeraha lililodumu zaidi Kagera halikutokana na uchache wa msaada, lilitokana na watu kutojua. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba anaweza kuambiwa "hatuna cha kukupa" akavumilia. Kusikia kwenye redio kwamba mabilioni yamechangwa kwa jina lake, kisha asione kitu na asielezwe kitu, hilo ndilo linalomvunja.

Sasa tuligeuze jambo hili. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, saa 10:17, saa ile ile kwa Uturuki na kwa Dar es Salaam, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Saa 7:24 mchana likafuata jingine la 7.5. Uturuki peke yake ilizika watu zaidi ya 53,000, na Syria maelfu ya wengine. Kulikuwa na baridi kali, sehemu nyingine theluji, na waliotoka hai walilala nje au ndani ya magari. Moja ya miji iliyobomoka vibaya zaidi ni Antakya, ambayo Wakristo wa hapa wanaijua kwa jina la Antiokia. Kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, hapo ndipo wafuasi wa Yesu walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba waumini wa Antiokia, waliposikia habari za njaa, walichangishana kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Waislamu nao wana Msikiti wa Habib-i Neccar katika mji huo, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa katika nchi ile. Tetemeko la 2023 liliuangusha msikiti huo na likaliangusha Kanisa la Kiorthodoksi la mji huo pia. Kifusi hakikuuliza nani anasali wapi, na huo ni msingi mzuri wa kuanzia kwa mitaa yetu, ambamo adhana na kengele husikika kutoka uwanja mmoja.

Tena tazama yaliko makao ya mitandao yenyewe. Makao makuu ya BAKWATA yako Kinondoni, na hapo hapo umesimama msikiti mkubwa uliojengwa kwa ufadhili wa Mfalme Mohammed VI wa Morocco. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liko Kurasini, wilayani Temeke, na kupitia Caritas limeungana na mashirika yanayofanya kazi katika nchi nyingi zilizowahi kupigwa na matetemeko, Syria ikiwamo. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, ni mwanachama wa shirikisho la dunia lenye vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu karibu kila nchi. Kwa hiyo njia za kupitishia mchango zipo, na baadhi ziko umbali wa nauli moja ya daladala. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakutanisha, iliyowekwa kabla ya janga na si baada yake.

Meza hiyo ikikaa, jambo la kwanza kukubaliana ni kwamba tunatuma fedha. Najua hili linawaudhi watu wenye nia njema, kwa kuwa blanketi linaonekana na fedha haionekani. Lakini fikiria safari ya kitu. Watu wengi wanaotolewa hai kwenye vifusi hutolewa katika siku tatu za kwanza. Kontena linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kupitia Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez linahitaji wiki kadhaa, na mwaka 2023 hata bandari ya Iskenderun, iliyo karibu na eneo la maafa, ilishika moto baada ya tetemeko na shughuli zikasimama. Uturuki, tena, ni nchi ambayo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo huendea kununua nguo na mashuka. Kukusanya nguo Manzese ili zipelekwe kwa watu ambao viwanda vyao ndivyo vinavyotuvika sisi ni kutumia nauli kubwa kuliko thamani ya mzigo. Fedha iliyofika Gaziantep siku ya nne ingenunua blanketi jipya huko huko, kwa bei ya huko, na mfanyabiashara wa huko aliyebaki na duka angefufua biashara yake.

Ushahidi wa madhara ya vitu visivyoombwa ni mwingi, ila mmoja unatosha. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo iliua watu hata kwenye fukwe za Dar es Salaam, jimbo la Aceh nchini Indonesia lilipokea zaidi ya tani 4,000 za dawa kutoka pande zote za dunia. Sehemu kubwa haikuwa imeombwa. Nyingi zilikuwa na maandishi ya lugha ambazo wauguzi wa Aceh hawakuzisoma, nyingine zilikuwa zimekwisha muda au karibu kwisha. Watu waliokuwa wanahitajika kuhudumia majeruhi wakawa wanapanga maboksi, kisha ikabidi zitafutwe fedha nyingine za kuteketeza dawa zisizofaa. Waliozituma hawakuwa wabaya. Hawakuuliza tu. Muungano ninaoupigania ungekuwa na kazi ya kuuliza kwanza, na kama jibu kutoka kwa wenye msiba ni "tuma mahema", basi tununue mahema mahali palipo karibu nao.

Je, tuna fedha ya kutuma? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, jumla zaidi ya milioni 2.3. Tusiseme kila mtu atoe, kwa sababu humo mna watoto wachanga na mna kaya ambazo shilingi elfu moja ni mboga ya leo. Tuchukue mtu mmoja kati ya kumi, na kila mmoja atoe shilingi 1,000 mara moja tu. Hiyo ni shilingi milioni 232 na zaidi, ambazo kwa bei ya fedha ya mwanzoni mwa 2023 zilikaribia dola 100,000. Kwa kiasi hicho hujengi upya mji, lakini unawapa maelfu ya watu blanketi na godoro katika wiki ambayo baridi inaua. Fedha hiyo ipo mitaani. Hupita kila siku kwenye simu kwa lipa namba, na sehemu yake huenda kwenye kamati za harusi bila mtu kulalamika.

Na ujuzi wa kuikusanya tunao tayari, tena tunao kuliko miji mingi tajiri. Kila mtaa wa Temeke na Kinondoni una vikundi vya kufa na kuzikana. Vina daftari la wanachama, mwenyekiti, katibu na mhazini. Vina kiwango cha mchango kinachojulikana, na mtu akifiwa fedha hupatikana kabla kaburi halijachimbwa. La maana zaidi, vina desturi ya hesabu: rambirambi huandikwa jina kwa jina, na mwisho kiasi kilichopatikana husomwa mbele ya watu, mfiwa akiwapo. Mhazini anayejua kwamba Jumapili atasimama kusoma daftari mbele ya wajane na vijana wa mtaa ana ulinzi dhidi ya vishawishi ambao mkaguzi wa nje hawezi kumpa. Ndiyo maana nasema muungano ujengwe juu ya vikundi hivi na juu ya VICOBA, misikiti, makanisa, vituo vya bodaboda na vyama vya wafanyabiashara wa masoko ya Tandika na Mwananyamala, serikali za mitaa zikiwa mashahidi na wasimamizi, badala ya kuundwa kutoka juu na kukabidhiwa kwa mtu mmoja maarufu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imekwisha kuweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini, kwa hiyo muungano hauhitaji kujifanya dola ndogo. Unahitaji kuziambia kamati hizo unachofanya na kufanya kazi mbele ya macho yao.

Hapa ndipo mtu wa Mbagala atanisimamisha, na ana haki. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa, nyumba zikabomoka, na malalamiko ya fidia yakadumu miaka. Mtu wa Mabwepande naye atauliza hilo hilo. Eneo lake, huko mwisho wa Kinondoni, lilikuwa makazi mapya ya watu walioondolewa mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011, nao walianzia kwenye mahema. Watasema: sisi bado tuna madimbwi, tuna madarasa yaliyojaa, na mvua kubwa ikinyesha tunakesha. Mnatuchangisha kwa ajili ya Waturuki? Hoja hii ni nzito na haijibiwi kwa mahubiri. Jibu langu ni kwamba muungano ukiwa wa kudumu, huyo huyo wa Mbagala ndiye wa kwanza kunufaika nao. Chombo kinachoweza kukusanya shilingi milioni 200 kwa ajili ya Antakya kinaweza kufanya hivyo kwa ajili ya Katesh, ambako maporomoko ya tope ya Desemba 2023 wilayani Hanang yaliua watu zaidi ya 80, au kwa ajili ya Rufiji, ambako mafuriko ya Aprili 2024 yalizifunika nyumba na mashamba. Katiba ya muungano iseme wazi kwamba sehemu kubwa ya akiba ni ya maafa ya nyumbani, na kwamba kwa janga la nje kutakuwa na mchango maalumu, wa hiari, wenye siku ya kuanza na siku ya kufunga. Mtu wa Mabwepande asiyetaka kuchangia nje asichangie, na asionekane mbaya kwa hilo.

Ila nisiishie kwenye hesabu ya faida. Kuna wanaosema mtu maskini hana wajibu kwa mtu wa mbali, na hapo siwafuati. Mwaka 2019, kimbunga Idai kilipoivunja Beira, Tanzania ilituma zaidi ya tani 200 za chakula na dawa kwa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Machi 2023, kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi, tulituma tani 1,000 za unga, mablanketi 6,000, mahema 50, dola 300,000 na helikopta mbili za jeshi. Mwaka huo nasi tulikuwa na watu wenye njaa. Hakuna Mtanzania mwenye akili timamu aliyesema tusubiri hadi mtu wa mwisho wa Dodoma ashibe ndipo tuwatazame wa Blantyre, kwa sababu kwa kipimo hicho hakuna nchi ambayo ingewahi kumsaidia mwenzake, na Kagera isingeona bati hata moja kutoka Nairobi.

Pingamizi la pili ninalikubali kwa sehemu kubwa. Uturuki ni tajiri kuliko sisi mara nyingi. Wahandisi wa Yapı Merkezi ndio waliojenga reli yetu ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora. Nchi ile ina idara yake ya maafa, AFAD, yenye uzoefu ambao sisi tungeweza kuuomba. Dola 100,000 za Temeke na Kinondoni zingekuwa tone huko. Na tusisahau Morocco: baada ya tetemeko la 6.8 la tarehe 8 Septemba 2023, lililoua watu karibu 3,000 katika vijiji vya milima ya Atlas, serikali ya huko ilikubali kwanza msaada wa nchi nne tu, Uingereza, Hispania, Qatar na Falme za Kiarabu, ikieleza kwamba misaada isiyo na uratibu ingeleta vurugu. Wapo waliokasirika duniani. Mimi naona nchi yenye msiba ina haki ya kuchagua wa kuingia nyumbani kwake.

Kwa hiyo muungano wetu usikimbilie palipo na kamera nyingi. Uulize ni wapi shilingi yetu inapungukiwa na wenzake. Mwaka 2023 jibu lingekuwa ng'ambo ya mpaka, kaskazini magharibi mwa Syria. Huko watu walikuwa wamekwisha kufukuzwa na vita mara mbili au tatu, na kwa mujibu wa maazimio ya Umoja wa Mataifa misaada ya shirika hilo ilipita kivuko kimoja tu, Bab al-Hawa. Msafara wake wa kwanza baada ya tetemeko ulivuka tarehe 9 Februari, siku tatu baadaye, siku ambazo watu walichimba kwa mikono. Ni tarehe 13 ndipo serikali ya Damascus ilipokubali vivuko viwili zaidi vifunguliwe. Mchango mdogo uliopitia kwa watu waliokuwa tayari ndani ulikuwa na maana kule kuliko hundi kubwa iliyobaki Istanbul. Na kesho jibu linaweza kuwa karibu zaidi. Bonde la Ufa linapita Malawi, Congo mashariki, Burundi na Rwanda. Februari 2008 tetemeko lilipiga Bukavu na kuvuka hadi Rwanda, likaua makumi ya watu, na dunia ilikwisha kulisahau kabla ya mwezi. Watu wa Bukavu wanazungumza Kiswahili. Kwao mchango wa Temeke si tone.

Hili la Syria linafungua mlango wa pingamizi jingine, la usalama. Fedha zinazokwenda maeneo ya vita huulizwa maswali na benki, na ni sawa ziulizwe. Kikundi cha mtaa kinachojaribu kuzituma chenyewe, kwa mkono wa msafiri au kwa wakala asiyejulikana, kinajitafutia kesi na kinaweza kumtajirisha mtu mbaya. Ndiyo sababu sipendekezi muungano utume moja kwa moja. Ukusanye, uhesabu, upige picha ya salio, kisha ukabidhi kwa Msalaba Mwekundu, au kwa ubalozi wa nchi husika, au kwa shirika la dini lenye ofisi na wakaguzi huko, na udai risiti pamoja na taarifa ya matumizi. Kama mpokeaji hataki kutoa taarifa, safari ijayo apewe mwingine.

Limebaki la uaminifu, ambalo nadhani ndilo linalowazuia watu wengi zaidi. Tumechangishwa mno, na tumeibiwa. Lakini tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Katika wiki zile zile za Februari 2023, Waturuki waligundua kwamba Kızılay, chama chao cha Hilali Nyekundu, kilikuwa kimeuza mahema 2,050 kwa Ahbap, shirika la kiraia lililoungwa mkono na michango ya watu wa kawaida, kwa lira milioni 46. Yaani mahema ambayo watu waliamini yangetolewa bure kwa waliokuwa wakitetemeka kwa baridi yaliuzwa na taasisi ya misaada kwa taasisi nyingine ya misaada. Wakuu walieleza kwamba ni kampuni tanzu iliyouza kwa gharama za utengenezaji. Hasira haikupoa, na mwezi Mei kiongozi wa chama hicho alijiuzulu. Ukiiweka habari hii pembeni ya ile ya akaunti mbili za Bukoba, unaona kwamba ukubwa wa taasisi haumlindi mtoaji wala mpokeaji. Kinachomlinda ni hesabu inayoonekana mapema, wakati bado inaweza kusahihishwa.

Kwa vitendo, basi, akaunti iwe moja ya benki, jina lake litangazwe misikitini, makanisani na kwenye ofisi zote za serikali za mitaa siku moja. Watia saini wawe watatu, wa dini tofauti na wa kata tofauti, na mmoja wao awe mwanamke anayeaminika kwenye VICOBA vya eneo lake, maana wengi wetu tunajua nani hasa anayetunza fedha mitaani. Namba za simu za watu binafsi zisipokee hata senti. Kila Ijumaa na Jumapili kiasi kilichoingia kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa. Siku ya kukabidhi, wapokeaji waje mtaani, uwanja wa shule au wa soko, hesabu isomwe kwa sauti, na mtu yeyote aruhusiwe kuuliza. Miezi sita baadaye hesabu ya pili isomwe: fedha ilifanya nini. Kama ilijenga darasa badala ya nyumba, watu waambiwe, na waambiwe kwa nini. Hiyo ndiyo haki ambayo Kagera haikuipata.

Yapo pia ya kupokea kutoka kwa wale tunaowasaidia, nami nitayataja kwa ufupi kwa kuwa si sababu ya kutoa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa takriban 6.0, lililotokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam, lilitikisa jiji hili na watu wakashuka ngazi mbio. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo bila tetemeko lolote na kuua watu zaidi ya 20. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri za ujenzi tangu baada ya maafa ya İzmit ya 1999, lakini mwaka 2018 ilitoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka kanuni, wenye nyumba wakilipa ada na kupewa hati. Mitaa yetu inapanda ghorofa kwa kasi, kutoka Sinza hadi Chamazi. Muungano wenye uhusiano na watu waliozika jamaa zao kwa sababu ya nondo nyembamba na zege hafifu utakuwa na la kuwaambia mafundi na wenye viwanja wa hapa.

Nawaomba wenyeviti wa serikali za mitaa, maimamu, mapadri na wachungaji wa Temeke na Kinondoni wasisubiri tetemeko lijalo ndipo waitane. Kikao cha kwanza kinaweza kufanyika mwezi huu, na ajenda zake zinatosha kuwa tatu: katiba fupi, akaunti moja, na majina ya watia saini. Nawe msomaji, utakapofuatwa na mtu anayechangisha kwa ajili ya wahanga wa nchi yoyote, muulize mambo matatu kabla hujafungua mkoba: fedha inaingia akaunti gani, nani wanatia saini, na hesabu itasomwa lini na wapi. Akikujibu yote matatu, mpe ulichonacho. Asipoweza, mwambie arudi akiwa na majibu.